Andika "Robo Kilo" Sawasawa

Ukienda sokoni Buhongwa unaweza kuomba robo kilo ya sukari kwa mdomo. Mwuzaji atakuelewa. Lakini siku nyingine itakubidi uandike. Utamtuma mtoto dukani na karatasi, au utaandika deni katika daftari. Hapo yafaa uandike sawasawa.

Watu wengi huandika "lobo kiro". Wengine huunganisha na kuandika "robokilo". Yote mawili si sahihi. Andika hivi:

robo kilo

Haya ni maneno mawili. Acha nafasi katikati yake. Neno la kwanza lina r. Neno la pili lina l.

Kwa nini watu hukosea? Wengi huku Mwanza walijifunza Kisukuma kwanza. Kisukuma hakitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya. Kwa hiyo si ujinga, ni mazoea ya ulimi. Sema: lala. Ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kutulia. Sasa sema: rarua. Ulimi unatetemeka. Rudia mara nyingi, kisha sema: robo kilo.

Maana ya maneno haya ni nini? Robo ni neno lililotoka katika Kiarabu. Ni sehemu moja ya nne. Kilo limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni elfu. Ndiyo sababu kilo moja ni gramu 1,000, na kilomita moja ni mita 1,000.

Soma vipimo hivi:

robo kilo = gramu 250
nusu kilo = gramu 500
robo tatu ya kilo = gramu 750
kilo na robo = gramu 1,250

Tazama vizuri neno dogo "na". Robo kilo na kilo na robo ni vitu viwili mbalimbali. Tuseme kilo moja ya mchele ni shilingi 2,000. Robo kilo itakuwa shilingi 500. Kilo na robo itakuwa shilingi 2,500. Deni likiandikwa vibaya, mmoja atapunjwa shilingi 2,000, na majirani watagombana.

Basi, unapoandika deni, andika maneno pamoja na tarakimu: robo kilo, gramu 250. Kisha msomee mwenzako kwa sauti, naye asikie. Mkikubaliana, funga daftari.

Zoezi

1. Andika maneno haya sawasawa:
(a) nusukiro ya dagaa
(b) rita moja ya mafuta ya taa
(c) kiro tatu na lobo za mchele

2. Kilo mbili na nusu ni gramu ngapi?

3. Fungua daftari lako la nyumbani. Tafuta neno "kilo" kila lilipoandikwa. Je, limeandikwa sawasawa?