Ajira ya Watumishi katika Jiji la Kigali: Kati ya Haki ya Mtihani na Mahitaji ya Akagari

Kazi ya afisa ajira katika serikali za mitaa huonekana kwa umma siku mbili tu: siku ya mtihani na siku ya kutangazwa matokeo. Makala haya yanadai kwamba, katika Jiji la Kigali, uamuzi mzito zaidi hufanyika kabla ya siku hizo, pale maelezo ya kazi na sifa za mwombaji zinapoandikwa.

Wingi wa kanuni zinazosimamia ajira ya umma nchini Rwanda una sababu za kihistoria. Kadi za utambulisho zilizotaja kabila, zilizoanzishwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930, zilitumika hadi 1994. Katika Jamhuri ya Pili, sera iliyoitwa iringaniza iligawa nafasi za shule za sekondari na za kazi serikalini kwa uwiano wa kabila na mkoa. Aliyeketi kuchagua watumishi alikuwa, kwa hiyo, amekabidhiwa chombo cha ubaguzi chenye idhini ya dola. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kumwachia afisa uhuru wa kumpima mwombaji kwa jicho lake tu kusingevumilika. Sheria Na. 017/2020 ya tarehe 7 Oktoba 2020, inayosimamia watumishi wa umma, inaendeleza msingi huohuo wa ushindani na usawa.

Hatua zenyewe zinafahamika. Nafasi hutangazwa na maombi hupokelewa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Wizara ya Utumishi wa Umma na Kazi, hivyo mkazi wa Rusizi huomba kazi ya Kigali bila kupanda basi. Maombi huchujwa, hufuata mtihani wa kuandika na usaili wa ana kwa ana. Asiyeridhika hukata rufaa kwa taasisi husika, kisha kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Jambo lisilozingatiwa sana ni badiliko lililoletwa na Sheria Na. 22/2019 ya tarehe 29 Julai 2019. Kwa sheria hiyo, wilaya za Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge zilipoteza hadhi ya kuwa taasisi zenye nafsi ya kisheria, nazo wilaya 27 zilizo nje ya Kigali zikabaki nayo. Mwajiri sasa ni Jiji. Usimamizi umekuwa wa pamoja, lakini umbali kati ya anayeandika tangazo na ofisi ambamo mwajiriwa atafanya kazi umeongezeka.

Umbali huo huonekana zaidi katika akagari, ngazi ya chini kabisa yenye watumishi wanaolipwa. Kigali ina imirenge 35 na utugari 161, na kwa kawaida kila akagari huwa na watumishi wawili: katibu mtendaji na afisa wa maendeleo ya jamii na uchumi. Asubuhi moja katibu mtendaji huweza kupokea majirani wanaogombania mpaka wa kiwanja, kaya isiyolipa bima ya afya ya jamii, na mtu aliyeanza kujenga bila kibali; na malengo ya imihigo yanamsubiri juu ya meza. Kazi hiyo hudai sikio, subira na uwezo wa kumkatalia mtu bila kumfanya adui. Mtihani wa kuandika hupima vizuri ujuzi wa sheria na wa sera ya ugatuaji. Hayo mengine huyapima kwa shida, kama huyapima kabisa. Afisa ajira mwenye uzoefu hulijua hilo, lakini haruhusiwi kumwongezea mtu alama kwa hisia zake, na ni haki asiruhusiwe. Mlango aliobakiwa nao ni maelezo ya kazi. Yakitaja shahada peke yake, mchujo utafuata shahada. Yakitaja usuluhishi wa migogoro, mtihani unaweza kihalali kumpa kila mwombaji mgogoro uleule autatue, kwa vigezo vilevile vya usahihishaji. Waombaji hulalamikia alama. Ni nadra kumsikia anayelalamikia maelezo ya kazi, ingawa humo ndimo alama zilimoanzia.

Suala la lugha linathibitisha hoja hii, na linadai uangalifu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Hata hivyo, matangazo ya kazi yamezoea kutaja Kinyarwanda, Kiingereza na/au Kifaransa. Katika mtaa wa Biryogo, Nyamirambo, Kiswahili kimesikika tangu enzi za ukoloni, na katika stendi ya Nyabugogo hukutana wasafiri wa nchi jirani. Mpenzi wa Kiswahili angetamani lugha hiyo iwe sharti la kila nafasi. Sharti hilo lingekuwa kosa. Wanyarwanda wengi waliojua Kiswahili kabla ya kufundishwa darasani walikipata mahali walipokulia: uhamishoni Tanzania au Kongo, au katika mitaa ya biashara mijini. Kukidai kwa wote kungechuja watu kwa asili zao kupitia mlango wa nyuma, jambo ambalo utaratibu wote wa mtihani uliwekwa kulizuia. Kinachoweza kutetewa ni Kiswahili kuwa sifa ya nyongeza kwa nafasi zilizotajwa, na uzito wake utangazwe kabla ya maombi kupokelewa. Kwa katibu mtendaji wa Biryogo, hilo lingehitaji mstari mmoja katika maelezo ya kazi, na swali moja au mawili ya usaili yaulizwe kwa Kiswahili.