Rimoti Iko kwa Nani?

Ofisi niliyofanyia kazi miaka minne, katikati ya Dar es Salaam, ilikuwa na kiyoyozi kimoja kikubwa na rimoti moja. Rimoti ilikaa kwenye droo ya bosi, na bosi alikuwa mtu wa suti. Nje jua la Februari linachoma; ndani, dada wa mapokezi kajitanda mtandio juu ya sweta, na mhasibu aliyekaa chini ya kiyoyozi kachana boksi akalibandika kwa selotepu ili upepo umpite pembeni. Aliyetaka baridi ipungue alipiga hodi na kujieleza kama anayeomba mkopo. Wengi walinyamaza. Ikifika saa tisa alasiri watu wanajibizana kwa mkato, wala hakuna aliyehusisha ugomvi ule na ile droo.

Baridi ile ina historia. Kanuni za joto la ofisini zinategemea sana hesabu za Mdenmaki Ole Fanger za mwaka 1970. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walionyesha kuwa kipimo cha joto linalozalishwa na mwili kilimchukua mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70 kuwa kigezo. Kwa mwanamke, kipimo hicho kinaweza kuzidi ukweli kwa hadi asilimia 35. Dada wa mapokezi hakuwa anadeka.

Ila nyuzi za joto peke yake hazitoshi kueleza ule mkato wa saa tisa. Wanasaikolojia wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, wanasimulia katika kitabu chao cha 1972 jinsi walivyowafungulia watu makelele ya ghafla: mashine za ofisi zimechanganyika na sauti za watu wanaoongea lugha mbalimbali. Kundi moja lilipewa kitufe. Ukizidiwa bonyeza, kelele zitakoma. Ila tungependa usibonyeze. Hawakubonyeza. Walivumilia kelele zilezile walizovumilia wasio na kitufe. Baadaye wote walipewa mafumbo yasiyo na jibu, na wenye kitufe ndio waliong'ang'ania zaidi kabla ya kuyaacha. Hata katika kusahihisha maandishi walifanya vizuri zaidi. Kitufe ambacho hakuna aliyekigusa ndicho kilicholeta tofauti.

Mwaka 2000 Gary Evans na Dana Johnson wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwachukua makarani wanawake 40, wakawaketisha kazini kwa muda wa saa tatu: wengine kwenye utulivu, wengine kwenye kelele za chini kama za ofisi isiyo na kuta. Walipoulizwa, waliokaa kwenye kelele hawakujiona wana msongo kuliko wenzao. Adrenalini ilisema vingine. Walipopewa nao mafumbo yasiyo na jibu, waliyaacha mapema, na hata kurekebisha mkao na vifaa vyao vya kazi walifanya mara chache zaidi. Ndiyo maana yule mhasibu wa boksi hanitii wasiwasi. Alikuwa bado anapambana. Nawahofia waliokaa kimya, ambao fomu yoyote ya maoni ingewahesabu kuwa wameridhika.

Waajiri hupenda kumaliza jambo hili kwa kununua maua. Maua yanasaidia, sikatai. Craig Knight na Alex Haslam wa Exeter, Uingereza, walilijaribu hilo mwaka 2010: chumba kitupu kilishindwa na chumba chenye mimea na picha, na hicho nacho kikashindwa na chumba ambacho mfanyakazi alizipanga mwenyewe. Kisha wakaingia vyumbani mwa baadhi ya waliojipangia na kuzipanga upya bila kuwauliza. Mimea ileile, picha zilezile, lakini faida iliyopatikana ikayeyuka.

Bosi wetu alihamishwa, rimoti ikatundikwa ukutani kwa kamba. Wiki ya kwanza tuligombana kweli. Baadaye ikatulia kwenye nyuzi 25, zikapita siku nzima haijaguswa na mtu. Mhasibu hakulibandua boksi lake.