Laini Mbili za Intaneti: Mzigo Hugawanywaje?

Swali linalofaa kujibiwa kabla ya kupanga bajeti ni hili: tukilipia laini mbili za intaneti, je, kasi itakuwa mara mbili?

Ujumbe husafiri ukiwa umekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Ruta, yaani mashine inayoelekeza pakiti hizo, inaweza kupitisha moja huku na inayofuata kule. Lakini laini zikitofautiana kasi, pakiti hufika bila mpangilio na kazi huzorota. Kwa sababu hiyo ruta nyingi hupitisha kila mawasiliano kwenye laini yake moja, mwanzo hadi mwisho. Hivyo picha moja ya eksirei inayotumwa kutoka Hospitali ya Nyakahanga haitafika mapema zaidi. Watumishi wengi wakifanya kazi pamoja, ndipo msongamano hupungua.

Faida ya pili ni kwamba laini moja ikikatika, nyingine huendelea. Hata hivyo, tuwe waangalifu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Zilikuwa mbili, lakini zote hutua Mtunzini, Afrika Kusini, na zote zilikatika upande huo.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba tuulize: laini ya pili inapita wapi? Zikitegemea nguzo au mnara mmoja, tutakuwa tumelipa mara mbili kwa hatari ileile.