Riwaya ya Upelelezi na Jamii Zilizojitenga (Sehemu ya Pili): Anayejua Anaponyamaza

Wiki iliyopita tulimsoma Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960. Tuliona kuwa silaha yake ni akili: hutazama na kuuliza hadi fumbo likateguka. Leo tuulize mpelelezi wa namna hiyo angefanya nini katika jamii ya waumini waliojitenga, ambamo wengi wanajua kilichotokea na hakuna aliye tayari kumwambia mgeni.

Katika riwaya ya Sworn to Silence, iliyotoka mwaka 2009, Linda Castillo analijibu swali hilo kwa kumchagua mpelelezi aliyezaliwa humo humo. Kate Burkholder ni mkuu wa polisi wa Painters Mill, mji wa kubuni katika jimbo la Ohio, Marekani. Alilelewa na Waamishi kabla ya kuwaacha. Anaijua lugha yao, na anajua kwa nini hawakimbilii polisi. Wafuasi hawa wa Jakob Ammann, waliofarakana na Wakristo wenzao huko Uswisi na Alsace mwaka 1693, huona kwamba mambo ya waumini humalizwa na kanisa. Mkosaji asiyetubu hutengwa, hata asile meza moja na ndugu zake. Kate naye ana siri: alipokuwa na umri wa miaka 14 alimpiga risasi mtu aliyemvamia, na familia yake ikaifukia habari hiyo. Mauaji yanapotokea mjini, kumsaka muuaji kunamlazimu kuukabili ukimya wa nyumbani kwao.

Msomaji wa Meru au Embu hahitaji kwenda Ohio ili aelewe. Katika nyanda kame za Tharaka na Mbeere, na ng'ambo ya Mto Tana huko Kitui, wako Wakavonokya, waumini wanaokataa hospitali na dawa. Mgonjwa wao huombewa. Mara kwa mara machifu wamefika kwao pamoja na polisi ili watoto wachanjwe, na wapo wazazi waliofikishwa mahakamani. Hawa si majambazi. Ni wakulima na wafugaji wanaoishi kwa imani yao, na hapo ndipo ugumu wa riwaya unapoanzia.

Tuseme mtoto amefariki kwa ugonjwa ambao zahanati ingeutibu. Mama alimpenda, baba alikesha akiomba. Nani ameua? Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 203, inasema mauaji huweza kufanywa kwa kutenda au kwa kuacha kutenda, ila lazima iwepo nia ovu. Nia hiyo isipokuwepo, kifungu cha 202 kinatambua kosa la kuua bila kukusudia, hata kwa uzembe mkubwa. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa imani katika kifungu cha 32, kisha katika kifungu cha 53 inampa mtoto haki ya matibabu na kuyaweka maslahi yake mbele. Mwandishi hodari ataziacha haki hizo mbili zigongane ndani ya nyumba moja, mbele ya bibi, shangazi na majirani.

Dalili za kufuatilia zipo nyingi. Maiti haizikwi bila kibali cha mazishi. Basi kaburi jipya ambalo naibu wa chifu hana habari nalo ni mwanzo mzuri wa upelelezi. Kufukua mwili kunahitaji amri ya mahakama, na siku ya kufukua kijiji kizima husimama kutazama. Mpelelezi naye awe binti aliyetoroka boma la waumini hao akasomea uuguzi: mtu anayeijua dua ya mama yake na anayeijua dozi ya malaria.

Kazi hii isiandikwe kwa dharau. Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa kanisa moja ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ilituonyesha gharama ya ukimya. Lakini kumpaka kila muumini aliyejitenga matope ya Shakahola ni dhuluma, na tena ni sanaa mbovu, kwa kuwa msomaji akishachukizwa na watu hao hataki tena kujua kwa nini walinyamaza. Swali hilo la kwa nini walinyamaza ndilo riwaya ya namna hii inapaswa kulijibu. Jina la mkosaji peke yake halitoshi.

Tharaka imetupa Kithaka wa Mberia, mwandishi wa tamthilia ya Kifo Kisimani, kwa hiyo hatuwezi kusingizia uhaba wa vipaji. Mtoto aliyezikwa usiku anastahili mtu wa kuuliza habari zake, na waumini waliomzika wanastahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Anayeweza kuwatendea haki wote wawili na aanze kuandika.

Wiki ijayo: Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, kiapo chao, na ushahidi usiofika mahakamani.