Kuunda Upya Uso Uliojeruhiwa

Uso ndio unaomtambulisha mtu. Kwa macho tunaona, kwa pua tunavuta pumzi, kwa kinywa tunakula na kusema. Tena ni usoni ambapo wenzetu husoma furaha na huzuni zetu. Anayejeruhiwa uso hupotewa na mambo mawili kwa pamoja: kazi ya viungo na nafasi yake miongoni mwa watu. Je, sayansi imewezaje kumrudishia yote mawili?

Tatizo kubwa ni damu. Kipande chembamba cha ngozi huweza kuhamishwa, maana hufyonza chakula kutoka kwenye kidonda mpaka mishipa ya damu iote ndani yake. Kipande kinene chenye mafuta chini yake hufa kabla mishipa hiyo haijaota.

Waganga wa India waligundua ufumbuzi tangu kale. Walikata ngozi ya paji la uso, wakaiacha imeshikamana na mwili katikati ya nyusi, kama tunda lililoshikwa na kikonyo. Kisha wakaigeuza chini kuunda pua. Damu iliendelea kupita kikonyoni. Habari hiyo ilichapishwa London mwaka 1794, na mwaka 1814 Joseph Carpue akaijaribu njia hiyo huko Uingereza.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta majeruhi wengi mno. Katika mahandaki kichwa ndicho kilichojitokeza, nacho kikapigwa na vipande vya mizinga. Daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alihudumia watu hao katika hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Majeruhi zaidi ya 5,000 walifanyiwa humo operesheni zaidi ya 11,000. Mwaka huo huo, akimtibu baharia aliyeungua katika mapigano ya Jutland ya 1916, Gillies aliona kingo za ngozi aliyoikata zikijikunja ndani. Akazishona pamoja, ikawa bomba. Nyama mbichi ikafichika, vijidudu vikakosa njia, na damu ikapita salama. Huko Odessa, Vladimir Filatov naye alikwisha kufikia wazo hilo kwa njia yake.

Lakini kidonda cha pili kilibaki. Inasimuliwa kwamba vioo viliondolewa wodini, na mabenchi barabarani yakapakwa rangi ya buluu ili wapita njia wajiandae kabla ya kuwaona wagonjwa.

Archibald McIndoe, ndugu wa Gillies, alijifunza kutokana na hayo. Katika Vita Kuu ya Pili aliona kwamba marubani walioungua wakaangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Akaanza kuwaogesha majeruhi kwa maji ya chumvi. Tena aliwaomba wakazi wa East Grinstead wawakaribishe nyumbani bila kuwakodolea macho. Mwaka 1957 yeye na wapasuaji wenzake Michael Wood na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni shirika la Amref.

Siku hizi kikonyo si lazima daima. Kwa kutumia hadubini, mpasuaji hushona mishipa yenye upana wa milimita moja au mbili, na nyama ya pajani hupata damu shavuni siku hiyo hiyo. Mwaka 2005, huko Amiens, Ufaransa, mgonjwa alipandikizwa sehemu ya uso wa marehemu.

Hata hivyo, tiba huanza pale ajali inapotokea. Majeruhi wa uso aliye na fahamu na asiyeumia shingo aketishwe akiinama mbele, asije akapaliwa na damu; kidonda kikandamizwe kwa kitambaa safi. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala asipakwe samli au dawa ya meno. Na atakaporudi darasani, tumtazame machoni kama zamani: dawa hiyo haipatikani hospitalini.