Nani Mwenyeji wa Leicestershire?

Karatasi yenyewe mara nyingi ni moja tu: mwandiko wa karani, sahihi za mahakimu wawili, na chini kabisa alama ya msalaba iliyotiwa na mtu asiyejua kuandika. Katika hifadhi ya nyaraka ya Leicestershire, kaunti iliyo katikati ya Uingereza, karatasi za namna hii ni nyingi, hasa za karne ya 18 na miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Mtu aliyekwama kimaisha aliitwa mbele ya mahakimu, akaapishwa, akaulizwa: ulizaliwa wapi, baba yako alikuwa mkazi wa parokia ipi kisheria, ulijifunza kazi kwa nani, uliajiriwa muda gani na kwa ujira gani, ulioa lini, una watoto wangapi na wana umri gani. Majibu yalipokwisha kuandikwa, mahakimu waliamua ni parokia ipi yenye wajibu wa kumlisha. Kama si ile aliyokuwamo, alisafirishwa yeye na familia yake. Mjane aliweza kupelekwa kwenye parokia ya marehemu mumewe ambayo hajapata kuiona kwa macho. Karatasi hizi ziliandikwa ili watu wasihame, lakini hoja yangu ni kwamba hakuna ushahidi unaozidi huu kuonyesha jinsi walivyohama. Mtafiti wa historia ya kaunti akishazisoma sawasawa, hawezi tena kuandika kana kwamba vijiji vya Uingereza vilikuwa na wenyewe wa tangu na tangu, ambao wageni waliwakuta wametulia.

Historia za kaunti za Uingereza hazikuanza na maskini. William Burton alichapisha maelezo yake ya Leicestershire mwaka 1622, na John Nichols, mchapishaji wa London, akatoa mabuku makubwa ya historia ya kaunti hiyo kati ya 1795 na 1815, akiendelea hata baada ya moto kuteketeza kiwanda chake cha uchapaji mwaka 1808. Ni kazi za kuheshimiwa, na hadi leo mtafiti huzirejea. Lakini ukizifungua unakutana na nasaba za makabaila, ngao zao, makaburi yao makanisani, na nani alimrithisha nani shamba lipi. Kwa macho hayo kaunti ilionekana kuwa imetulia, kwa sababu ardhi haihami na mwenye ardhi hukaa nayo. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1948, chuo kikuu kilichokuwa kikichipukia mjini Leicester kilipoanzisha idara ya historia ya mahali chini ya W. G. Hoskins, ya kwanza ya aina yake nchini humo. Hoskins alikichukua kijiji kimoja, Wigston Magna, kusini mwa mji wa Leicester, akakifuatilia kwa karne kadhaa kupitia wosia, orodha za mali za marehemu, hati za mashamba na kodi ya meko. Kitabu alichokitoa mwaka 1957 kilimweka mkulima wa kawaida pale alipokuwa amekaa kabaila. Heshima ya kuugeuza uwanja huu wa utafiti ni yake.

Nyaraka ambazo Hoskins na waliomfuata walizitegemea zilitoka sehemu moja ambayo msomaji anapaswa kuifahamu: sanduku la parokia. Mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iandike daftari la ubatizo, ndoa na maziko, na ilihifadhi katika sanduku lenye makufuli mawili, ufunguo mmoja kwa padri na mwingine kwa wazee wa kanisa. Kadiri miaka ilivyokwenda sanduku hilo lilijaa mambo mengine, kwa kuwa sheria ya mwaka 1601 iliifanya kila parokia ijitoze kodi na kuwatunza maskini wake. Neno “wake” ndilo lililoleta mzozo. Sheria ya mwaka 1662 iliruhusu mgeni aliyepanga nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka afukuzwe ndani ya siku 40, si kwa kuomba msaada bali kwa kuhofiwa tu kwamba huenda siku moja akauomba. Hali hiyo iliendelea mpaka 1795. Sheria ya mwaka 1697 iliimarisha utaratibu wa vyeti, yaani parokia ya mtu ilimwandikia hati ikikiri kwamba ni wake na itampokea akirudishwa. Sheria hiyo hiyo iliwalazimisha waliokuwa wakipewa msaada wavae begani kitambaa chekundu au cha buluu chenye herufi P pamoja na herufi ya kwanza ya jina la parokia yao.

Njia mojawapo ya kupata haki ya ukaazi, kwa mtu asiye na mke wala mume, ilikuwa kufanya kazi kwa mwajiri mmoja mwaka mzima. Kwa hiyo wako wakulima walioajiri watumishi kwa wiki 51. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Parokia hizi zilimpa mgeni jembe vizuri sana, kisha zikahakikisha amelirudisha kabla ya mwaka kutimia. Wajawazito wasio na waume ndio walioteseka kuliko wote, kwa kuwa kwa muda mrefu mtoto wa nje ya ndoa alipata haki pale alipozaliwa, na wasimamizi wa maskini walikuwa na sababu ya kumvusha mpaka mama kabla uchungu haujamshika. Mambo haya yanaonekana pia katika daftari za matumizi: fedha za gari la kukokotwa na farasi, mlo wa njiani, ujira wa askari wa kijiji aliyemsindikiza. Ni vijistari viwili vitatu vya hesabu, na ndani yake yumo mwanamke anayetikiswa barabarani akiwa na mimba kubwa.

Atatokea wa kusema kwamba ushahidi huu umepinda. Sanduku la parokia linatuonyesha waliopatwa na shida. Wenye kutulia hawakuhojiwa na mtu. Ukihesabu wahamaji kwa nyaraka za wafukuzwaji, lazima utakuta kila mtu yuko njiani. Pingamizi hili ni la haki, na tiba yake ni kutafuta orodha isiyohusu maskini peke yao. Kwa bahati ipo, katika kaunti jirani ya Nottinghamshire. William Sampson, padri wa Clayworth, aliorodhesha watu wote wa kijiji chake mwaka 1676, matajiri kwa maskini, watoto kwa watumishi, akarudia tena mwaka 1688. Mara ya kwanza walikuwa 401, mara ya pili 412. Ukitazama jumla hizo mbili utasema hapakutokea kitu. Ila Peter Laslett na John Harrison walipolinganisha jina kwa jina katika miaka ya 1960, waligundua kwamba takriban watu 60 katika kila 100 wa orodha ya kwanza hawakuwemo katika ya pili, na walioondoka kijijini walikuwa wengi kuliko waliozikwa. Hiyo ni miaka 12 tu, bila vita wala njaa kubwa. Watumishi walibadilisha waajiri, vijana walikwenda kuoa na kuolewa, familia zikafuata shamba la kukodi. Kijiji kilibaki vilevile kwa idadi huku watu wake wakipishana mlangoni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, maana linatoka kwa Hoskins mwenyewe. Alionyesha kwamba Wigston ilikuwa na koo zilizokaa hapo kwa zaidi ya miaka 100, nyingine miaka 200, zikirithishana mashamba baba kwa mwana. Je, hao si wenyeji? Ndio, na mtafiti asiwafute. Ila tuangalie kilichowaweka. Walikaa kwa sababu walikuwa na ardhi yao, tena katika kijiji ambacho hakikuwa mikononi mwa kabaila mmoja, chenye mashamba makubwa ya pamoja ambamo hata mwenye vipande vichache aliweza kulisha ng’ombe wake. Ardhi ilipoguswa, utulivu ukavunjika. Bunge lilipitisha sheria ya kuyagawa mashamba ya Wigston na kuyazungushia ua mwaka 1764, na ugawaji ukakamilika mwaka 1766. Kwa muda wa vizazi viwili au vitatu wakulima wadogo walikwisha, na wengi wa watu wa kijiji wakawa wafumaji wa soksi, wakipangishwa mtambo wa kufumia kama mtu anavyopangishwa chumba na kukatwa kodi ya mtambo hata wiki isiyo na kazi. Mafundi wa soksi walifuata uzi ulipo. Kwa hiyo kukaa mahali karne mbili hakukutokana na damu wala tabia ya Kiingereza. Kulitokana na hati za ardhi, na hati hizo zilipotoweka, kulitoweka nako.

Na jina lenyewe la kijiji lina lake la kusema. Kitabu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086 kinakiandika Wichingestone, na wataalamu wa majina hulichambua kuwa ni makazi ya mtu mwenye jina la Kiskandinavia. Vijiji jirani vya Oadby na Blaby vinaishia na -by, neno la Wadenmaki lenye maana ya kijiji, maana Leicester ilikuwa miongoni mwa miji mitano mikuu ya utawala wao katika eneo hilo karne ya 9 na ya 10. Kijiji kilichotumika kuonyesha mizizi mirefu ya mkulima wa Kiingereza kimeitwa kwa jina la mtu wa kuja.

Sasa nifike mahali ambapo historia hii inatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Ule mwaka wa 1948 ambao Hoskins alipewa idara yake, Uingereza ilifuta rasmi sheria za maskini ambazo ndizo zilizoshikilia ukaazi wa parokia, na ikapitisha sheria ya uraia iliyowahesabu watu wa makoloni kuwa raia pamoja na wa Uingereza yenyewe. Kwa msingi huo Wahindi wengi wa Kenya na Uganda walibaki na pasipoti za Uingereza baada ya uhuru wa nchi hizo. Walipoanza kuondoka Kenya kwa wingi, bunge la London lilipitisha kwa siku tatu, mwishoni mwa Februari na Machi mosi 1968, sheria iliyomtaka mwenye pasipoti hiyo aonyeshe uhusiano na Uingereza kupitia yeye mwenyewe, mzazi wake au babu na bibi yake. Aliyewahi kusoma karatasi za mahakimu wa Leicestershire atashtuka, maana swali ni lilelile: baba yako alikuwa wa wapi, na babu yako? Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Tarehe 15 Septemba, halmashauri ya jiji la Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwaambia kwamba nyumba, shule na huduma za jiji zimeelemewa, na kwamba kwa faida yao wasiende huko. Serikali nayo iliiweka Leicester katika maeneo mekundu, yasiyofaa kupokea wakimbizi zaidi. Walikwenda hata hivyo, kwa maelfu, kwa sababu ndugu walikuwa wametangulia na viwanda vilitaka mikono.

Nitaambiwa kwamba nafananisha visivyofanana. Kuhama maili kumi kutoka kijiji hadi kijiji si sawa na kupanda ndege Entebbe ukiwa umenyang’anywa duka. Nakubali kabisa. Mfumaji wa soksi aliyefukuzwa Wigston hakuchukiwa kwa rangi yake, na sheria ya 1968 haielezeki bila rangi wala bila himaya. Ninachokataa ni kugawa historia ya kaunti vipande viwili, kimoja cha wenyeji kinachokwisha mwaka 1950 na kingine cha wahamiaji kinachoanzia hapo, kila kimoja na rafu yake na watafiti wake. Tangazo la Uganda Argus lilitungwa na watu walioogopa gharama, kama walivyoogopa wasimamizi wa maskini mwaka 1700, na linasomwa kwa mbinu ileile: nani aliandika, alimhofia nani, na aliyekatazwa alifanya nini. Asiyejua vyeti vya 1697 atalichukulia tangazo hilo kuwa ajali ya zama zetu. Anayevijua vyeti hivyo tu, bila kulijua tangazo, hajaimaliza kazi aliyoianza.

Ushahidi wa kuiendeleza kazi hiyo upo. Ipo mihtasari ya halmashauri, zipo daftari za shule, zipo habari za mgomo wa mwaka 1974 katika kiwanda cha mashine za kuchapa cha Imperial Typewriters, ambako wengi wa waliogoma walikuwa wametoka Afrika Mashariki. Tangu 2001 Chuo Kikuu cha Leicester kina hazina ya sauti za watu wakisimulia maisha yao, kitu ambacho mhojiwa wa mahakimu, aliyesemewa na karani, hakukipata. Sensa ya 2021 ilikuta watu 43 katika kila 100 wa jiji hilo wakijitaja kuwa ni wa asili ya Asia. Na katika migahawa ya Belgrave Road utakuta kwenye orodha ya vyakula neno mogo: ni muhogo wetu, uliokatwa vipande, ukakaangwa na kutiwa pilipili, ukifuata jina ulilolichukua Kampala na Nairobi ndani ya Kigujarati. Mtaalamu wa majina anayeandika kwamba -by ya Oadby ni ya Wadenmaki anaweza kuongeza mstari mmoja chini yake.