Sungura wa 4-K na Mtoto Mwenye Usonji

Mzazi wa Kayole au Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, akisikia kwamba wanyama husaidia watoto wenye usonji, hufikiria mbwa wa bei kali aliyefunzwa ng'ambo, au farasi wa mtaa wa kitajiri wa Karen, halafu huachana na habari hiyo. Mbwa atamweka wapi, naye amepanga chumba kimoja na keateka hataki kusikia hata mlio wa kuku? Ni kweli farasi wamechunguzwa vizuri. Mwaka 2015 Robin Gabriels na wenzake wa Colorado, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililoandikisha watoto na vijana 127 wa miaka 6 hadi 16. Waliopanda farasi kwa wiki 10 walipunguza hasira na kutotulia, wakatamka maneno mengi zaidi kuliko wenzao waliofundishwa mambo ya farasi bila farasi mwenyewe kuwapo. Lakini ukizisoma tafiti za namna hii kwa makini, utaona kwamba ukubwa wa mnyama si hoja. Mnyama humpa mtoto sababu ya kumgeukia mtu mwingine. Ndiyo maana naamini kwamba mnyama wa kufaa Eastlands ni sungura, na mahali pake ni shuleni.

Ushahidi unaonipa imani hiyo ulitoka Australia mwaka 2013. Marguerite O'Haire na wenzake waliwapanga watoto watatu watatu, mmoja mwenye usonji na wawili wasio nao. Kila kundi lilicheza dakika 10 na vitu vya kuchezea, na dakika 10 na simbilisi wawili, wanyama wadogo wa manyoya wanaoweza kupakatwa. Simbilisi walipokuwapo, mtoto mwenye usonji aliongea zaidi, aliwatazama wenzake usoni zaidi, alicheka zaidi na kupunguza kununa. Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba hata wale wawili walimsogelea zaidi. Mwaka 2015 kikundi hicho kilitumia bangili zinazopima msisimko wa mwili kupitia ngozi. Watoto wenye usonji walikuwa na msisimko mkubwa kuliko wenzao walipokuwa wakisoma au kucheza na vitu. Wanyama walipoletwa, msisimko huo ulishuka.

Sababu zinaeleweka. Uso wa binadamu hubadilika kila nukta, na maneno yake mara nyingi hubeba maana zaidi ya moja. Kwa mtoto mwenye usonji hiyo ni kazi ya kuchosha. Sungura hana mafumbo. Akitaka jani hulisogelea, asipotaka huondoka. Sasa tazama mwalimu anavyoweza kuitumia hali hiyo. Watoto wawili wameketi mkekani, sungura yuko kati yao ndani ya katoni iliyokatwa upande mmoja, na mwalimu ameshika majani matatu ya sukuma wiki. Jani halitolewi hadi mtoto aombe, kwa neno, kwa kidole au kwa kadi ya picha. Jani la pili analipokea mwenzake, kwa hivyo wa kwanza anasubiri zamu. La tatu linashikwa na wote wawili. Mtoto anaona amelisha sungura, kumbe amefanya mazoezi ya kuomba, kusubiri na kushirikiana.

Mtu ataniambia kwamba simbilisi si sungura. Ni kweli, sungura ni mkubwa zaidi, hapendi kuinuliwa, na akishtuka hurusha miguu ya nyuma yenye kucha. Hilo linataka abaki sakafuni na watoto wamfuate huko. Faida yake ni kwamba tayari tunamjua. Klabu za 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilifufuliwa shuleni mwaka 2021, na kufuga sungura ni kazi inayozifaa hata pale uwanja ni mdogo. Shule za msingi zenye vitengo maalum, kama City Primary ya Ngara ambako kitengo cha usonji kilianzishwa mwaka 2003, zina watoto wenye usonji na wasio nao ndani ya ua mmoja. Kibanda kimoja cha mbao na waya kinaweza kuwakutanisha. Mzazi anayetaka mnyama wa nyumbani naye anaweza kumfikiria paka mpole. Utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Missouri, uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha familia 11 tu, ulionyesha kwamba paka aliyechaguliwa kwa utulivu wake aliongeza huruma ya mtoto na kupunguza wasiwasi wake wa kutengana na wazazi.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Familia inayohangaikia nauli ya kumpeleka mtoto kwa mtaalamu wa matamshi ina haki ya kuuliza kwa nini shilingi iende kwa sungura. Nakubali kwamba tafiti hizi zimehusisha watoto wachache kwa muda mfupi, na hakuna iliyoonyesha kwamba mnyama anaponya usonji. Anayeuza tiba ya namna hiyo anawadhulumu wazazi. Ninachotetea ni kifaa cha kazi mikononi mwa mwalimu au mtaalamu mwenye lengo, na gharama yake ibebwe na shule, isibebwe na mama wa chumba kimoja.

Wengine wanahofia magonjwa. Kichaa cha mbwa kingali kinaua Kenya, na mpango wa taifa wa mwaka 2014 unalenga kukitokomeza ifikapo 2030. Mbwa koko wa mtaani asikaribishwe, na paka wa nyumbani achanjwe. Kwa sungura hatari hiyo ni ndogo mno. Kwake mambo makuu ni kunawa mikono, kusafisha kibanda kila siku, na kuwauliza wazazi kuhusu pumu na mzio. Kwa familia za Eastleigh zinazofuata madhehebu ya Shafi, mbwa ni najisi, lakini paka na sungura hawana shida hiyo. Na mtoto anayeogopa manyoya au asiyevumilia harufu ya kibanda asilazimishwe hata kidogo.

Sungura naye ana haki zake. Akipiga mguu chini au akijikunyata pembeni, kipindi kimekwisha. Shule ikubaliane mapema, kwa maandishi, kwamba huyu si wa kuchinjwa, kwa kuwa sungura wengi wa 4-K hufugwa kwa ajili ya nyama. Ijulikane pia nani atamlisha likizo ya Aprili, ya Agosti na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Mtoto anayetegemea ratiba akirudi Januari akakuta kibanda kitupu, bila mtu kumwandaa, ataumia vibaya, na mwalimu atalazimika kumjengea imani upya.